Mwalimu Kengele na Muhula Aliofundisha Bila Sauti

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwalimu wetu wa darasa la kwanza atafuta ubao wake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Yote ameitumikia katika shule hii, katika chumba kilekile cha mwisho karibu na bomba la maji, akifundisha jambo lilelile: kusoma na kuandika. Mwalimu mkuu aliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, nami nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Nimefundisha darasa la pili, ukuta mmoja na yeye, kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila mtoto aliyewahi kuketi mbele yangu alikuwa ameshapitia mikononi mwake. Nina mengi ya kusema na kurasa nilizopewa ni chache, kwa hiyo twende.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba aliyetoka chuoni na cheti kinachosema amebobea katika hesabu za madarasa ya juu. Darasa la kwanza alilipata kwa bahati tu. Mwenye darasa alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, na mwalimu mkuu wa wakati huo alipouliza nani atamshikia, wakongwe wote waliangalia dirishani. Mgeni hakujua kwamba alitakiwa naye kuangalia dirishani. Mwenye darasa aliporudi alimkuta amepiga magoti sakafuni, chaki sikioni, amechora ma, me, mi, mo, mu ndani ya visanduku kama vya mchezo wa kuruka. Mtoto aliyeruka visanduku viwili alipata neno. Mmoja alikuwa amepata "mume" na alikataa katakata kutoka kwenye kisanduku mpaka kila mtu aje amwone. Mwenye darasa alisimama mlangoni akatazama, kisha akaenda ofisini kuomba darasa la tatu.

Tangu siku hiyo wakuu wa shule wanne, kila mmoja kwa wakati wake, wamejaribu kumpandisha madarasa ya juu. Jibu lake halijawahi kubadilika. "Huko juu nitawafundisha nini? Si wanajua kusoma tayari?"

Jina la Kengele alipewa na watoto, na wala hawakumwonea. Mwalimu huyu alikuwa na sauti. Mwaka ambao kengele ya shule ilipasuka na mpya ikachelewa, alisimama mlangoni kwake kila saa ya mapumziko na kutangaza, na muuza duka wa ng'ambo ya barabara alianza kwenda kula chakula chake kwa kumfuata yeye. Alipofundisha irabu, abiria waliosubiri basi nje ya ukuta walifundishwa pia. Wanafunzi wangu, katikati ya somo la kutoa na kujumlisha, walikuwa wakiitikia masomo yake kupitia ukutani. Nilikwisha kuzoea. Baadhi ya siku nilimwachia tu amalizie.

Wanaomfahamu wanajua pia kwamba hawezi kupita mbele ya maandishi yenye kosa. Kinyozi wa mtaa wa nyuma, fundi baiskeli, hata mwenye duka la dawa, wote wameshaamka asubuhi wakakuta bango lao limeongezewa herufi kwa kalamu nyeusi. Kalamu yenyewe, niseme kwa niaba ya ofisi nzima ya walimu, kwa kawaida ni ya mtu mwingine. Kwa wasioelewa tofauti ya b na d, ambao kila mwaka ni nusu ya darasa, ana wimbo wake: b huanza na fimbo, d huanza na tumbo, na anauimba akitembea mbele ya ubao, kwanza kama mzee mwenye mkongojo, halafu kama bwana mkubwa aliyeshiba. Nimewaona watu wazima wenye ndevu, waliopita darasani kwake zamani, wakiandika huku midomo ikicheza, nikajua wanatafuta fimbo na tumbo.

Lakini wasifu huu usiposimulia muhula wa kimya utakuwa haujasema kitu.

Ilikuwa takriban katikati ya safari yake ya kazi. Sauti ilianza kukwaruza, tukadhani ni vumbi la chaki. Ikaendelea kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya neno, na mwisho shemeji yetu, mume wake, ambaye ni fundi cherehani na mtu mpole sana, alimchukua kwa nguvu hadi hospitali. Daktari alikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Ukatolewa, na shukrani ni kwamba haukuwa wa kutisha. Kilichotisha ni masharti yaliyofuata: muhula mzima asitamke neno, asinong'one, asiimbe, asikemee. Kitandani kwake walibandika karatasi iliyoandikwa MGONJWA ARUHUSIWI KUSEMA. Muuguzi alituambia kwamba mgonjwa alipofumbua macho vizuri kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake, yeye muuguzi, na kuongeza H.

Shemeji alisema nyumbani kwao kumekuwa kama kwa wageni. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alikuwa anamaliza sentensi zake zote, na hakupenda hata kidogo.

Shuleni hatukujua la kufanya. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akaniita na mimi, kwa sababu mpango ulikuwa watoto wake wagawanywe, wengi wao waje kwangu. Alimweleza kwa upole kwamba atapewa kazi ya stoo ya vitabu mpaka apone, na kama sauti haitarudi basi atabaki huko. Mwalimu Kengele alikuwa na kibao kidogo cheusi kilichofungwa kwa kamba shingoni. Akaandika: Niache na watoto wangu.

"Mwalimu, nifikirie na mimi," mkuu alimwambia. "Utafundishaje kusoma bila kutamka? Mtoto atajuaje kwamba hii ni 'nya'?"

Akafuta, akaandika, akanielekezea mimi kidole. Ilisomeka: Huyu atatamka. Asubuhi tu. Silabi mpya tu.

Ndivyo nilivyokuwa sauti ya kuazima. Kila asubuhi niliingia chumbani kwake, nikatamka silabi za siku hiyo huku yeye akizigusa kwa fimbo ubaoni, watoto wakazirudia, kisha nikatoka nikaenda kwa wangu. Kilichobaki cha siku nzima kilikuwa chake na chaki.

Siku ya kwanza nilichungulia dirishani. Darasa zima lilikuwa limesimama kumsalimu na halikujua likae lini, maana siku zote lilikaa likiambiwa. Aligeuka akaandika ubaoni: kaa. Watoto walitazamana. Mmoja akajaribu kwa sauti ndogo, "ka, a, kaa," na jirani yake akasema ni la moto, lile la jikoni. Mwingine akabisha, akasema ni yule mwenye miguu mingi anayetembea upande upande. Ubishi ukapamba moto. Mwalimu aliwaacha wabishane, kisha akavuta kiti chake, akalionyesha neno, akaketi. Mabishano yakafa palepale, na darasa zima likashuka kwenye madawati kwa kishindo kimoja, wakicheka kwa furaha ya kugundua. Hapo nilirudi kwangu. Nilijua nimeona jambo.

Wiki zilizofuata zilikuwa burudani. Zamani mtoto aliweza kutazama nje huku sikio likiwa ndani. Sasa aliyetazama nje alikosa kila kitu. Mwalimu aliandika, "Nani ana njaa?" na walioweza kusoma wakainua mikono, wakatoka kwenda kula kwanza, wengine wakibaki wanashangaa wenzao wamekwenda wapi. Aliandika, "Kuna pipi nyuma ya mlango," akakaa akasahihisha daftari kana kwamba hana habari. Alhamisi moja aliandika katika kona ya ubao, kwa herufi ndogo, kwamba leo hakuna kazi ya nyumbani. Watoto watatu walisoma, wakanyamaza kimya kama wezi, wakaenda zao kucheza. Kesho yake wengine wakaja na kazi waliyoifanya kwa jasho, wakagundua walivyopunjwa. Hasira waliyokuwa nayo siku ile ilifundisha kusoma kuliko kitabu chochote nilichowahi kukishika. Kuanzia hapo mwalimu alipoinua chaki tu, shingo zote zilirefuka.

Wazazi hawakuyaona haya. Walichosikia ni kwamba watoto wao wanafundishwa na bubu. Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Aliyekuja kwa uchungu kuliko wote alikuwa mama mmoja mshonaji wa mashuka ya hospitali, ambaye binti yake alikuwa na kigugumizi kikubwa. Mtoto huyo alikaa dawati la pili karibu na ukuta, na tangu mwaka uanze hatukuwa tumemsikia akimaliza neno. Mama alisimama mbele ya mwalimu mkuu akasema maneno ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kuyajibu.

"Mwanangu maneno yanamkwama. Nimemleta shule asikie watu wanaosema vizuri. Sasa mmempa mwalimu asiyesema kabisa. Huyu atajifunza kwa nani?"

Mwalimu Kengele alikuwepo. Alishika chaki juu ya kibao chake kwa muda, kisha akaishusha bila kuandika kitu, akarudi darasani. Alasiri ile nilimkuta ameketi kwenye dawati la pili karibu na ukuta, peke yake, watoto wameshaondoka. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona amekata tamaa.

Malalamiko yalizidi mpaka mkuu akaamua. Wiki ya mwisho ya muhula wazazi waje wote wajionee. Watoto wakisoma, mwalimu anabaki. Wasiposoma, darasa linagawanywa na mwalimu anakwenda stoo moja kwa moja. Aliposomewa uamuzi huo aliandika neno moja: Sawa. Mwandiko wake, ambao ni kama wa kwenye kitabu, ulikuwa umepinda.

Siku yenyewe chumba kilijaa. Wazazi walisimama nyuma na pembeni, wengine wakachungulia kwa nje. Mwalimu alifungua kitabu, akawaonyesha watoto ukurasa, wakasoma kwa pamoja, vizuri kabisa. Kabla hatujapumua, baba mmoja aliyekuwa dirishani akasema, "Hao wamekariri." Minong'ono ikaanza. Na kweli, nani angekataa? Kitabu ni kilekile tangu enzi za wazazi wenyewe.

Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, alichukua kipande cha chaki akakiinua. "Basi mzazi yeyote aje aandike anachotaka yeye. Kitu ambacho hakimo kitabuni."

Wote walisitasita. Halafu mama mshonaji akapita katikati ya watu, akachukua chaki, akaandika polepole kwa herufi kubwa: Jana ulificha wapi kiatu cha kaka yako?

Akamrudishia mkuu chaki, akarudi nyuma akafunga mikono. Hakutaja jina la mtoto. Hakumtazama mtu.

Watoto hawakuwa wameambiwa wasome kwa sauti, na wao walishazoea kusoma bila sauti, kwa hiyo tuliona midomo tu ikicheza: ki, a, tu. Kisha kichwa kimoja kikageuka kuelekea dawati la pili. Kikafuata kingine. Vikafuata vitano, vikafuata vyote, mpaka darasa zima lilikuwa limegeuka linamkodolea macho yule binti, kwa maana kila mtu alijua huyo mama ni wa nani na kila mtu alitaka kujua kiatu kiko wapi. Wale wazazi waliokuwa wakinong'ona walielewa kabla yetu. Darasa zima lilikuwa limesoma.

Binti aliinuka. Alikuwa mwekundu wa macho kwa aibu, lakini alitembea hadi ubaoni, akachukua chaki mkononi mwa mkuu, akasimama kwenye ncha za vidole. Aliandika: Kwenye ndo ya nguo chafu. Yeye ndiye aliyeanza.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya jengo la serikali. Mama mtu alijishusha kwenye kibenchi cha mtoto, magoti yakamgusa kidevu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nimekitafuta asubuhi nzima," alisema. "Kaka yake amekwenda shule na kandambili." Halafu aliutazama tena ubao, na machozi yaliyofuata hayakuwa ya kicheko. Alikuwa hajawahi kupata jibu refu namna ile kutoka kwa mwanawe.

Na Mwalimu Kengele? Katikati ya vigelegele vyote hivyo alisogea ubaoni, akaongeza o moja kwenye "ndoo", akampa binti mkono kama watu wazima wanavyopeana. Hapo ndipo na yeye alipoanza kulia.

Muhula ule haukumponya binti kigugumizi, na sitaki mtu aondoke na hadithi ya muujiza. Alipopanda kwangu darasa la pili maneno bado yalimkwama. Tofauti ni kwamba alinyoosha mkono. Mara ya kwanza aliposoma kwa sauti, ukurasa mmoja ulichukua karibu kipindi kizima. Hakuna mtoto aliyecheka, hakuna aliyemmalizia neno. Walikaa wakasubiri kila silabi ifike. Walikuwa wamekaa miezi mitatu na mwalimu ambaye kila neno lake lilibidi lisubiriwe, na kusubiri hakukuwa kitu kigeni kwao. Nilisahihisha daftari zangu nikiwa nimeinamisha kichwa ili wasinione uso.

Sauti ya mwalimu ilirudi, ingawa si ile. Iliyorudi ina mikwaruzo kama kiti kinachoburutwa, na haivuki ukuta. Siku daktari alipomruhusu, aliingia darasani akawaambia watoto watoe daftari, na watoto walishtuka kana kwamba ubao ndio umesema. Mmoja aliinua mkono akamshauri kwa heshima zote, "Mwalimu, tuandikie tu." Tangu wakati huo, kila Jumatano, chumba kile hufundishwa kimya kutwa nzima. Baadaye nami niliiga, akaiga wa darasa la tatu, na siku hizi walimu wapya huletwa kutoka shule nyingine kuja kuketi nyuma na kutazama. Wengi huja wakidhani watachoka. Hutoka wakiwa wamesahau mikoba yao.

Alipewa tuzo mara mbili na ofisi ya elimu. Alianzisha kona ya vitabu ambayo shemeji aliishonea mifuko ya kitambaa, herufi moja kwa kila mfuko. Amewafundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao, na mwaka huu mzazi mmoja aliyemleta mwanawe alikosea akaenda kuketi dawatini mwenyewe. Walimu vijana waliopitia kwake kwa mazoezi sasa ni walimu wakuu. Mmoja wao ndiye mwalimu mkuu wetu wa leo, na mkuu huyo ameniruhusu niseme kwamba alipofika hapa mara ya kwanza alikuwa anaandika ubaoni kwa kupanda mlima, akanyooshwa kwa rula.

Wiki iliyopita nilimuuliza atafanya nini kuanzia Jumatatu. Nilitegemea aseme atapumzika, atalea wajukuu, atalala mpaka jua liwe juu. Macho yakamng'aa kama ya mtoto anayesubiri mapumziko. Aliniambia kwamba mama yake mzazi, aliyepita miaka themanini, hajui kusoma. Kwa miaka yote hii mwalimu alimwomba akubali kufundishwa, na kwa miaka yote hii mama alikataa kwa neno moja tu: watoto wa watu kwanza, mimi nitasubiri zamu yangu. Basi juzi mama aliuliza tarehe ya kustaafu, akahesabu kwa vidole, akamtuma mjukuu sokoni. Penseli zimeshanunuliwa, zimeshachongwa. Meza imeshasogezwa karibu na dirisha. Bibi amesema hataki kuanza na irabu kwa sababu irabu amezisikia maisha yake yote zikifundishwa kwa wengine. Anataka kuanza na jina lake.

Mwalimu wetu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi na kila mtu katika mji huu anayeweza kusoma ukurasa huu kwa sababu yako, tunasema asante. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi ya raha pamoja na shemeji yetu na wajukuu. Pokea baraka zetu zote, uzifikishe na nyumbani. Na Jumatatu asubuhi usichelewe, mwanafunzi wako atakuwa ameshakaa.